Siku Trekta Yangu Ilipopakwa Mafuta ya Baraka

Wadogo zangu, mimi nimestaafu. Msicheke. Najua nina miaka thelathini na tatu, na najua kwenu mstaafu ni mzee mwenye fimbo na kofia. Lakini nimekata majani ya watu katika mji huu wa Johannesburg miaka tisa, mgongo wangu ukastaafu kwanza, nami nikaufuata. Leo kazi ile wanaifanya wanawake sita niliowafundisha mwenyewe, na mimi nauza mboga Rosettenville nimekaa kwenye kiti. Kiti kina mgongo. Nyinyi bado hamjajua thamani ya kiti chenye mgongo.

Naandika kwa sababu nina hasira. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, msichana mmoja wa kwaya, simtaji, anajijua, alinijia na simu mkononi anatabasamu kama bibi harusi.

"Tantine," ndivyo wanavyoniita, yaani shangazi, "angalia."

Nikaangalia. Ilikuwa trekta ndogo ya bustani, ile ya kukalia, yenye visu chini ya tumbo. Nyekundu. Imeoshwa mpaka matairi yanang'aa.

"Bei ya kutupa, tantine. Injini tu ndiyo ina tatizo kidogo."

Injini tu. Mtu akikuletea ng'ombe akakwambia mzima kabisa, moyo tu ndio umesimama, utamkamua? Nilimrudishia simu nikaenda zangu, maana binti yangu Neema alikuwa pale na sikutaka asikie maneno niliyokuwa nayo mdomoni. Hasira haikuisha. Ndiyo hii mnaisoma. Wengine mmezaliwa hapa, Kiswahili mnakisoma kwa kupitisha kidole chini ya maneno. Someni taratibu. Haraka ndiyo iliyoniponza mimi.

Kwanza jueni lugha ya wauzaji, maana wote wanaongea lugha moja, awe Mkongomani, Mzulu au Mzungu wa mashambani. Akikwambia "inahitaji betri tu," betri ndiyo kitu pekee kizima. Akikwambia "ilikuwa inatembea nilipoiegesha," muulize aliiegesha kwa mguu wake au kwa kusukumwa. Ukifika kwake ukakuta injini ina joto, wakati hukumwomba aiwashe, geuka urudi nyumbani: ameihangaikia tangu alfajiri na hataki uone inavyoamka. Na akianza kukusifia rangi, hapo hata usiage.

Hayo yote alinifundisha Fundi Hamisi. Ni mtu wa Tanga, alikuwa na karakana yake nyuma ya spaza moja, duka dogo la mtaani, hapa Turffontein. Tulikutana kwa sababu ya ujinga wangu. Nilianza kazi na fyekeo, mkono mtupu, halafu nikapata ile mashine ya kuning'iniza begani inayokata kwa kamba ya plastiki. Hakuna aliyeniambia kwamba petroli yake inachanganywa na oili. Nikaijaza petroli safi, tena nikajisifu kwamba naitunza, nikaenda kukata. Ililia nusu saa kama mbuzi, ikanyamaza. Nikaibeba kwa Fundi Hamisi, mashine begani, Neema mgongoni.

Akavuta kamba ya kuwashia. Haikuvutika. Akainusa.

"Dada, hii umeikaanga."

"Itapona?"

"Nimesema umeikaanga, sikusema umeichemsha."

Ndivyo alivyokuwa anaongea. Lakini alinikalisha kwenye ndoo akanifundisha. Jinsi ya kunusa petroli: ikinuka kama rangi ya ukuta imezeeka, imwage. Jinsi ya kutazama oili kwenye kidole juani: ukiona inametameta kama pambo la harusi, hayo si mapambo, ni vyuma vinavyosagana humo ndani. Jinsi ya kutoa plagi, kuziba tundu lake kwa dole gumba, mwenzako akazungusha injini. Injini nzima inalisukuma dole likatoka kwa kishindo. Injini iliyokufa inakupulizia kama mtoto anayepoza uji. Alikuwa akisema injini ni mgonjwa mkweli, mwongo ni ndugu aliyemleta hospitali.

Nilijua yote hayo. Ndiyo maana bado nina hasira.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Neema alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Baba yake alikuwa mlinzi kwenye jengo moja Marshalltown, analala mchana, mtoto hakuachika kwake. Kwa hiyo nilikuwa natembea geti hadi geti, mashine begani, mtoto mgongoni, beseni kichwani. Nikipata kazi, namkalisha mtoto kwenye beseni kivulini, mbali, nakata huku jicho moja liko kwake na jingine kwa mbwa wa mwenye nyumba. Nikikosa, narudi. Turffontein hapa, kwenye uwanja wa mbio, farasi wana majani mazuri kuliko watu, lakini farasi hawakuhitaji mtu wa kuwakatia, nilishauliza.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi akaniita getini. Mtu wake wa majani alikuwa ameacha kazi. Akanionyesha uwanja. Mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimeanza na majani yalinifika gotini.

"Jumamosi ijayo tuna siku ya michezo," akasema. "Ukiwa umeumaliza Ijumaa kabla watoto hawajaenda nyumbani, kazi ni yako mwaka mzima. Una mashine kubwa?"

"Ninayo, Mam."

Sikuwa nayo. Lakini fikirieni: sehemu moja, mwaka mzima, karibu na nyumbani, na kuna chumba cha watoto wadogo ambamo Neema angekaa na wenzake badala ya kukaa kwenye beseni. Kwa hilo ningesema hata nina ndege.

Kanisani kwetu kulikuwa na Papa Faustin, shemasi, mwimbaji wa sauti ya chini, mtu wa suti hata kwenye joto. Alikuwa mlinzi kwenye nyumba ya tajiri huko kaskazini mwa mji, na tajiri alipotaka kutupa trekta yake ya bustani, Papa Faustin akaiokoa. Ilikuwa uani kwake Rosettenville chini ya turubai. Akalifunua turubai polepole kama anafunua maiti ya chifu.

"Injini imelala kidogo," akasema. "Lakini mwili, Mama Neema, tazama mwili."

Tukaelewana vizuri. Fundi Hamisi aifungue kwanza, ndipo nilipe. Fundi siku ile alikuwa amekwenda Newtown kutafuta vipuri, angerudi jioni. Papa Faustin akasema, "Hakuna neno, fundi ataiona. Ila kesho Jumapili, tuipitishe kanisani kwanza iombewe."

Hapo ningekataaje? Kwetu hakuna chenye gurudumu kinachoanza kazi bila kuombewa. Tumeombea mabakki ya kubebea mizigo, pikipiki, cherehani, mkokoteni wa mandazi, hata kiti cha magurudumu cha bibi mmoja. Jumapili asubuhi tukaisukuma kutoka Rosettenville, mimi, Papa Faustin na waimbaji wanne wamevaa kanzu zao. Kila robot, taa ya barabarani, ikiwaka nyekundu tunasimama katikati ya magari. Dereva mmoja wa teksi akashusha kioo akauliza inachukua abiria wangapi. Mwenzake nyuma akamjibu, "Eish, hiyo inachukuliwa, haichukui."

Kanisa lilikuwa limejaa. Wakatoka wote uani. Pasta akaweka mikono juu ya kifuniko cha injini akaomba kwa Kiswahili, akaongeza kwa Kifaransa pale alipopandwa na moto. Akachukua chupa ya mafuta ya zeituni yaliyobarikiwa akaipaka usukani, kiti, matairi. Ndipo Papa Faustin akasema, "Pasta, tusipake ngozi tu. Mafuta yafike moyoni."

Akaingiza mkono kwenye koti la suti akatoa spana ya plagi.

Wadogo zangu, ninaomba mkisome tena hicho kipande. Mtu amekuja kumsifu Bwana, amevaa tai, na mfukoni ana spana ya plagi. Watu themanini tulimwona. Mimi, mwanafunzi wa Fundi Hamisi, nilikuwa karibu naye kuliko wote, na nilisema amina.

Akatoa plagi, akamimina mafuta ndani ya tundu, si kidogo, akarudisha plagi. Wakaleta betri ya gari la pasta. Akageuza ufunguo. Ile trekta ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Moshi mweupe ukafunika kanisa. Ua mzima ukanuka mandazi. Kina mama walianguka kwa kulia, kwaya ikaanza kuimba humo humo ndani ya moshi, na Papa Faustin akaendesha mzunguko mmoja, mkono umeinuliwa, kisha akaizima haraka.

"Mbona unazima?" nikamwuliza.

"Imetoka kwenye ugonjwa. Usiiwashe mpaka ufike kazini."

Na mimi nikafanya kosa langu. Nilikuwa nimeshika pesa ya likelemba, zamu yangu niliyoingoja mwaka mzima ya mchango wa kina mama. Pale pale, mbele ya watu, nikamkabidhi yote. Kumwita Fundi baada ya yale ilikuwa ni kama kumwita daktari ampime Lazaro.

Jumatatu bakki ya jirani ikaifikisha shuleni, na betri ya kuazima. Ikawaka. Nikapanda. Sitawadanganya, ile dakika ya kwanza nilijiona malkia. Watoto walikuwa madirishani wananipungia mkono, nami nikawapungia. Nikakata mstari mmoja ulionyooka, nikageuza, nikaanza wa pili. Katikati ya uwanja pakasikika mlio kama mtu amedondosha sufuria ndani ya pipa. Trekta ikasimama pale ambapo Jumamosi watoto walitakiwa kukimbizana na yai kwenye kijiko.

Fundi Hamisi alikuja na mfuko wake wa spana. Akatoa plagi. Akaweka dole, mimi nikazungusha. Akanipa nafasi niweke dole langu mwenyewe. Ilinipulizia uji.

"Ringi za pistoni zimekwisha," akasema. "Na oili hamna. Sasa niambie, ilifikaje hapa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye chupa ya zeituni.

"Ngoja. Plagi aliitoa nani?"

"Papa Faustin."

"Kwa nini?"

"Mafuta yafike moyoni."

Fundi akafuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Ukimimina mafuta humo, mwanya wa ringi unazibika. Injini mfu inapata pumzi ya dakika chache. Tunatumia hiyo kupima ugonjwa. Wengine wanatumia kuuzia." Akafunga mfuko. "Huyo shemasi wenu anajua injini kuliko mimi."

"Kwa hiyo ule haukuwa muujiza?"

"Mama Neema, mimi ni Mwislamu, dini ya watu siisemei. Nasemea ringi."

Jumatano nikaenda kwenye maombi, na sikwenda kuomba. Nilimkuta Papa Faustin anapanga viti.

"Injini yako imekufa."

"Iliwaka," akasema. "Kanisa zima ni shahidi."

"Iliwaka kwa mafuta ya kupikia."

Viti viliacha kusogezwa. Pasta, ambaye ni mtu mwema lakini hajawahi kufungua injini, akanivuta pembeni. "Mama Neema, watu wametoa ushuhuda juu ya trekta ile. Bibi mmoja goti lake limepona siku ile. Unataka kusema Mungu alishindwa?"

"Pasta, nasema ringi zimekwisha."

"Pengine kazini ulikwenda na mashaka."

Mnaona nilipokuwa nimebanwa? Nikisema mashine ni mbovu, nimekana muujiza. Nikisema ni nzima, basi ubovu ni mimi. Na mwalimu mkuu alikuwa ameshaniambia kwamba kadi ya kampuni nyingine iko juu ya meza yake, na simu iko karibu na kadi. Nilitamani kumpiga mtu na kiti. Badala yake nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Sawa. Imani yangu ndogo. Basi njooni wote mniongezee. Ijumaa saa moja asubuhi, uwanjani, pale pale ilipolala. Wote walioona Jumapili waje waone tena."

Papa Faustin akasema Ijumaa ana zamu. Mama Mado, kiongozi wa kina mama, mwanamke wa Uvira mwenye mikono kama mhunzi, akamwambia, "Utabadilishana na mwenzako, Papa. Chombo ulikiokoa wewe."

Nikamfuata Mama Mado nje nikamnong'oneza jambo moja. Kanisani kwetu nusu ya wanaume ni walinzi, na wengi wa waliobaki wanashika bustani za watu. Mafyekeo hayakosekani.

Ijumaa walikuja watu kama arobaini. Pasta akaomba. Papa Faustin akageuza ufunguo. Kimya. Akaomba yeye, akageuza. Kimya. Akatazama mfuko wa koti lake, kisha akamtazama Fundi Hamisi, ambaye alikuwa amekuja bila kualikwa na amesimama pale mikono nyuma, anatabasamu kwa heshima kubwa. Mkono wa Papa Faustin ukabaki nje ya mfuko.

Tukasimama. Watoto walikuwa wameanza mtihani madarasani, hata kuimba tusingeweza.

Mama Mado akafunga kitenge chake kiunoni, akafungua furushi alilokuja nalo, akatoa fyekeo.

"Trekta imekataa," akasema. "Majani hayajakataa. Salongo."

Nyinyi mliozaliwa hapa hamkuionja salongo. Kwetu Kongo, kila mtu anatoka, mtaa mzima unafanya kazi moja kwa pamoja, na asiyetoka anajulikana. Hakuna aliyeelezwa. Wanaume walivua makoti, kina mama wakagawa mafyekeo waliyokuja nayo kwenye mafurushi. Watu walijipanga mstari toka ukuta hadi ukuta, na mstari ukaanza kwenda mbele. Kukata kwa fyekeo hakutaki nguvu, mnisikie vizuri: kunataka kiuno kigeuke, mkono ulegee, na majani yawe bado na umande, maana yakikauka yanalala chini badala ya kukatika. Unanoa kila baada ya hatua hamsini, hungoji libutuke. Waimbaji waliisukuma trekta nje ya uwanja, safari hii kimyakimya. Papa Faustin alikuwa kati yangu na Mama Mado, na viatu vyake vya ibada. Kila aliponyoosha mgongo, Mama Mado alikohoa.

Saa saba mchana uwanja ulikuwa umelala kama zulia. Mwalimu mkuu akatoka na karatasi mkononi. Akatazama uwanja, akatazama trekta kando ya ukuta, akatazama watu arobaini waliojaa vipande vya majani nywelini. Nikajua sasa ananifukuza kwa ule uongo wangu wa mashine kubwa.

"Mmefanya kwa mikono?"

"Mashine ilipata homa, Mam."

"Miaka yote," akasema, "yule mtu wa zamani akiwasha mashine yake, walimu wanaacha kufundisha. Leo watoto wamefanya mtihani mzima, hakuna hata mmoja aliyegeuka dirishani." Akaweka karatasi kwenye kifuniko cha trekta, akatoa kalamu, akafuta neno moja, akaandika mengine juu yake. Nikasoma: uwanja ukatwe kila juma, mwaka mzima, kwa mkono, bila injini.

Nilitazama yale maneno. Kazi nimepata. Neema amepata chumba chake. Na mimi nimenunua trekta.

Papa Faustin alikuwa anasoma juu ya bega langu, anahema bado. Niliisikia sauti yake ya chini, ile ya kwaya.

"Unaona, Mama Neema? Bwana alijua hutahitaji injini."

Niliandika jina langu. Chini yake palikuwa na mstari wa jina la msaidizi. Nikamgeuzia karatasi, nikampa kalamu.

"Jumatatu saa moja, Papa. Na fyekeo lako."

"Mimi nina kazi yangu."

"Bwana alijua," nikasema.

Akageuka kutafuta msaada. Kanisa zima lilikuwa limesimama nyuma yake, mafyekeo mkononi, pasta mbele, bibi wa goti pembeni, linangoja kuona imani yake ina ukubwa gani. Mama Mado akakohoa.

Akasaini.